Kave Yenye Mlango Mmoja

Émerence alikuwa amechoka. Si uchovu wa kuchota maji wala wa kuamka kumnyonyesha mtoto mchanga, huo aliuzoea. Alichoka kubeba maneno ya watu wawili waliosikiana vizuri kabisa na kujifanya viziwi.

Mama yake, Marceline, alitoka Kabongo kuja kumsaidia kulea mtoto, akawekwa jikoni, kijumba cha nyuma chenye kitanda na jiko, kilichotenganishwa na nyumba kwa pazia tu. Mume wa Émerence, sajini Isaïe, alikuwa na nyumba ya mbele. Mama akitaka chumvi alisema kwa sauti ya kufika barabarani, "Muambie Baba Albertine chumvi imeisha." Baba Albertine, yaani Isaïe kwa jina la binti yake wa kwanza, yupo pale pale, upande wa pili wa pazia, amesikia mpaka herufi ya mwisho, na hatikisiki. Anangoja mkewe aje aseme, "Mama anasema chumvi imeisha." Hapo ndipo anainuka, kama mtu aliyeletewa habari kutoka mbali.

Ilikuwa bukwe, heshima ya wakwe. Kwa Waluba wa Kabongo na kwa Waluba wa Kasai alikozaliwa Isaïe, mwanamume hamtazami usoni mama wa mke wake, hali mbele yake, haketi naye benchi moja, wala hapiti mlangoni yeye akiwa ndani. Isaïe akirudi kazini alikohoa tangu kona ya mtaa, na Marceline akisikia kikohozi alijifunika kitenge na kugeukia ukuta mpaka nyayo zipite. Na tusiseme walichukiana. Isaïe alimnunulia mama mkwe samaki wakavu wa Upemba kila alipopata mshahara, na Marceline alimwimbia mjukuu nyimbo za kumsifu baba yake. Walipendana sana, ila walipendana kupitia kwa Émerence, na Émerence ndiye aliyekuwa anakauka koo.

Maisha hayo yangeendelea bila madhara kama yasingekuja mambo ya bomu.

Mwaka huo, themanini na nane, ndege za wazungu zisizo na bendera zilikuwa zinashuka pale Base, uwanja mkubwa wa kijeshi ulio nje ya mji wa Kamina. Zilishuka usiku, zikashusha masanduku, zikaondoka kabla ya jua. Masanduku yalikwenda kwa waasi wa Angola; jambo hilo lilijulikana kwa kila muuza mandazi, na wake za askari waliambiwa rasmi kwamba hawajaona ndege yoyote. Émerence hajaona ndege, ila bati la nyumba yake lilitetemeka na mtoto akaamka akilia, na ilimbidi kumbembeleza mtoto aliyeamshwa na kitu kisichokuwapo.

Aliyeleta neno lenyewe ni Dunia, mfanyabiashara Mwislamu wa ukoo wa Maniema, aliyekuja na baiskeli kutoka mjini kuuzia familia za askari sabuni na vitenge. Dunia alikuwa na redio na alisikiliza matangazo ya Kiswahili ya nchi za nje, kisha akayagawa bure pamoja na sabuni. Siku moja alisimamisha baiskeli mlangoni kwa Émerence, na safari hii hakufungua mzigo.

"Mama Albertine, Makaburu ya Afrika ya Kusini banasemekana iko na bombe atomique," alisema. "Na Bakuba, bale askari Barusi banasaidia, banashuka kule Angola, banakaribia mupaka yao. Makaburu bakiona banashindwa, batatupa ile bombe. Na Barusi batalipiza. Sasa batalipiza wapi? Kule ndeke za kusaidia baasi zinatokea. Njo hapa kwenu."

Émerence aliuliza bomu hilo likoje. Dunia akaeleza alivyoweza: moja tu linatosha mji mzima, na asiyekufa kwa moto hufa kwa vumbi, polepole. Wazee waliofanya kazi kwa Wabelgiji, akasema, walijua jambo hili zamani, kwa sababu jiwe la bomu la kwanza lilichimbwa huku huku kwetu, na Base yenyewe, wanasema, ilijengwa ili Wabelgiji wapate pa kukimbilia bomu likianguka kwao Ulaya.

Hilo lilimkasirisha Émerence kuliko yote. Jiwe letu, ardhi yetu, tofali tumepiga sisi, na hofu ilikuwa ya watu wengine, ilitengewa hadi uwanja wa ndege. Sasa wenye hofu walishaondoka, wakatuachia uwanja na hofu pamoja. Na watu wa kugombana ni Makaburu na Wakuba, na nyuma yao Wamarekani na Warusi, hakuna hata mmoja aliyewahi kupita kwake kuomba maji.

Wakubwa wa Base nao walikuwa na redio, maana wiki iliyofuata lilitoka tangazo. Familia zitafanya mazoezi ya kujificha. King'ora kikilia, kila familia itashuka kwenye kave, chumba cha chini ya ardhi walichojenga Wabelgiji chini ya ghala la zamani, na itakaa pamoja kwenye benchi yake, baba, mama, watoto na wageni wote. Msimamizi alikuwa luteni Mukendi, kijana mwenye filimbi aliyependa mistari iliyonyooka.

Émerence alifurahi. Alifagia sehemu yao ya kave kwa mkono wake, akapangusa utando wa buibui, akapeleka dumu la maji. Kwa mara ya kwanza tangu Dunia alipoleta habari ile alilala usingizi. Kama lingekuja, lingewakuta wote mahali pamoja, chini ya zege nene, mama yake, mume wake, Albertine wake na mtoto wake mchanga. Hakuwa anaomba kitu kingine duniani. Wala hakukumbuka kwamba kave ina mlango mmoja.

Siku ya zoezi la kwanza king'ora kililia asubuhi. Émerence alishuka na watoto na mama yake, wakaketi. Isaïe alikuwa kazini uwanjani, akafika wa mwisho, anakimbia. Alipofika juu ya ngazi alisimama, na kwa mazoea, Mungu amsamehe, akakohoa.

Marceline alikisikia kikohozi. Nyumbani angetokea nyuma, lakini huku chini hakukuwa na nyuma. Kulikuwa na ukuta, ukuta, ukuta na mlango uliojaa mkwe. Alijitupia kitenge kichwani, akainuka, akaanza kupapasa kuelekea ngazi bila kuona, akikanyaga miguu ya watu. Isaïe alipoona kitenge kinamjia alirudi nyuma mbiombio mpaka nje. Mama akapanda, akapita, akaenda kuketi juani nyuma ya ghala, mgongo umegeukia watu. Ndipo Isaïe akashuka. Halafu akakumbuka kwamba amemtoa mama mkwe mahali pa usalama akakalia yeye, aibu ikamshika, akapanda tena. Luteni Mukendi alipuliza filimbi mpaka mate yakamtoka.

"Bombe haiangalie bukwe," alimwambia Émerence, kana kwamba yeye ndiye aliyeitunga. "Panga familia yako."

Basi alijaribu kuipanga. Na njia ilikuwepo, hiyo ndiyo ilimuuma zaidi. Katika desturi zao wote wawili, mkwe anaweza kumtolea mama mkwe mbuzi. Mbuzi anachinjwa, wanakula wote mbele ya watu, na tangu siku hiyo haya inalegea. Wanaweza kuketi chumba kimoja, hata kuulizana habari. Watu wengi hufanya hivyo wakizeeka. Mbuzi walikuwa wanatembea kambini kila mahali, wanakula hata vipande vya sabuni.

Alianza na mumewe. Isaïe alisikiliza kwa upole, kwa kuwa alikuwa mtu mpole, na hilo nalo lilikuwa tatizo, maana mtu mkali unaweza kugombana naye. Alisema mbuzi hatolewi hivi hivi. Wajomba wake wa Kasai wawepo, kaka zake Marceline wa Kabongo wawepo. Akimtoa huku kambini, kwa sababu ya king'ora, watu watasema sajini Isaïe alitamani kumwona mama mkwe uso akasingizia vita. Ila kama mama mwenyewe atasema yuko tayari, hapo hawezi kumkatalia. Mama aanze.

Émerence akapita pazia, akaenda jikoni. Marceline alikuwa anapeta unga wa muhogo, akamjibu bila kuacha ungo. Tangu lini mama wa mke akaomba mbuzi? Akiomba, amejiuza. Mwenye kuanza ni mwanamume. Akileta, atapokea kwa mikono miwili, na hata wajomba hawahitajiki. Lakini yeye aanze.

Akarudi sebuleni. Akarudi jikoni. Siku nyingi zilipita hivyo, na pazia la kati lilichakaa kwa kupitwa. Mara mama anakubali mbuzi mdogo atatosha, ila asisikike ndiye aliyesema. Mara mume anakubali kumtoa, ila aambiwe kwanza kwamba hatakataliwa. Kila Émerence alipofikiri amewasogeza karibu, mmoja alihisi ameshushwa akarudi nyuma hatua mbili ili asionekane ana haraka. Dunia alipopita na sabuni alisimulia kwamba kule Angola nako ndivyo walivyo, huyu anasema aondoe majeshi yule kwanza, na yule anasema aanze huyu. Émerence akamwambia habari hiyo hahitaji kuinunulia redio.

Akajaribu hasira. Alimwambia mama yake kwamba anachezea maisha ya watu. Marceline aliweka ungo chini, akamshika binti yake kiganja.

"Mwana wangu, minyi sikatae kuishi," alisema. "Lakini kama ninakaa goti kwa goti na bwana yako mule ndani, na bombe haianguki, kesho nitatembea namna gani hapa? Bombe iko ya siku moja. Haya iko ya siku zote."

Émerence alikwenda nyuma ya nyumba akapasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa.

Kisha ikaja siku yenyewe. Ilikuwa mchana, kiangazi, Isaïe yuko nyumbani anapiga pasi sare yake. Hakuna zoezi lililotangazwa. King'ora kililia na hakikukatika, na askari mmoja akapita mtaani anakimbia bila kofia akipiga kelele kwamba ndege isiyojulikana inakuja kutoka kusini, wameiita kwa redio haijibu. Kutoka kusini. Kila mtu alijua kusini kuna nani.

Walikimbia. Émerence na mtoto mchanga mgongoni, Albertine mkononi, mama yake pembeni, Isaïe nyuma yao kwa umbali wa heshima hata katika kukimbia. Walipofika juu ya ngazi za kave Marceline alisimama. Isaïe naye akasimama. Watu waliwapita pande zote wakiteremka, wanasukumana, mtu amebeba kuku, mtu amebeba sufuria ya maharagwe inayomwagika, na wale wawili wamesimama, mmoja kila upande wa mlango, migongo imegeukiana.

"Muambie mama aingie," Isaïe alisema. "Minyi niko askari, nitabakia inje."

Mama alikuwa hatua chache tu. "Muambie Baba Albertine aingie. Yeye iko na batoto ya kulea. Minyi nimesha kuzeeka."

"Muambie siwezi kuingia nikiacha mama ya bibi yangu inje."

"Muambie siwezi kufukuza bwana ya mutoto yangu ndani ya kimbilio."

Na Émerence, hebu mfikirie, akawa anarudia. Ndege inasikika tayari, mbali, kama mashine ya kusaga, na yeye anageuka huku, "Mama anasema uingie," anageuka kule, "Anasema uingie wewe." Alimshika mama mkono akavuta, mama akajikaza. Alimsukuma mume kifuani, mume hakusogea. Alilia kwa hasira. Luteni Mukendi alikuwa ameshika mlango wa chuma, anapiga filimbi, anasema anafunga. Émerence alifungua kitenge, akamshusha mtoto mchanga, akamwekea Albertine mikononi, akamsukuma mtoto wake wa miaka saba ashuke ngazi na mdogo wake. Alitaka kuwa na nafasi ya kuvuta kwa mikono yote miwili.

Mlango ukafungwa.

Walibaki watatu juu ya ardhi. Marceline aliketi upande mmoja wa ghala, Isaïe upande wa pili, na Émerence aliketi katikati, mbele ya chuma, bila mtoto mgongoni. Alimsikia Albertine anapiga mlango kwa kiganja huko ndani, anamwita. Chuma hakikufunguliwa.

Ndege ilitokea juu ya miti, ikazunguka, ikatua. Ilikuwa moja ya zile zile zisizo na bendera, imechelewa, imekuja mchana, redio yake imeharibika. Wazungu wawili walishuka wakajinyoosha migongo. Bomu la siku hiyo lilikuwa masanduku.

Luteni alipofungua, watu walipanda wakicheka cheko la watu walioogopa. Albertine alitoka na mdogo wake mikononi, hakumkimbilia mama yake. Alimpa mtoto, akasimama mbali kidogo.

"Mama, juu ya nini ulibakia na bale bakubwa?" aliuliza. "Kama bombe ilianguka, sisi tungebakia na nani?"

Nyumbani jioni, wale wawili walikuwa na furaha, na hilo ndilo lililovunja kitu ndani ya Émerence. Isaïe, huku anamalizia kupiga pasi, alisema mama mkwe kama huyu hapatikani siku hizi, amekubali kufa kwa heshima ya mkwe wake. Marceline jikoni alisema binti yake ameolewa na mwanamume kweli. Kila mmoja alimwomba amfikishie mwenzake sifa hizo.

Émerence alisimama mlangoni, akalishika pazia, akalivuta mpaka misumari ikatoka. Marceline akageukia ukuta haraka. Isaïe akashika pasi akaangalia sakafu.

"Leo sibebe maneno ya mutu," alisema. "Munanisikia wote. Niliacha batoto yangu mu giza juu yenu. Minyi, mama yabo. Mara ingine ile sirene ikilia, nitashuka na batoto na sitageuka nyuma. Nyinyi mutabakia inje na heshima yenu."

Hawakuwa na mtu wa kumpitishia jibu.

Alifikiri amewashinda. Siku kadhaa alitegea kusikia mbuzi akifungwa uani. Alichosikia, asubuhi moja, ni mama yake anakunja vitu. Marceline alikuwa amefunga mzigo wake kwa kitenge, vizuri, bila hasira, na alisema kwamba mtoto sasa ana shingo imara, kazi iliyomleta imekwisha, na mashamba ya Kabongo hayajilimi. Émerence alimwambia asiondoke. Alimwambia alisema vile kwa hasira. Alimwambia atamlazimisha Isaïe, mbuzi atapatikana leo leo.

"Ulisema kweli," mama alijibu. "Batoto banahitaji mama na baba mule ndani. Mwenye kuzidi ni mumoja, njo minyi. Nikiondoka, hakuna mutu atasimama pa mulango."

Émerence alimsindikiza mpaka stesheni ya Kamina. Isaïe alikuja pia, akasimama mwisho wa jukwaa, uso umegeukia mabehewa ya mizigo, na treni ilipoondoka alivua kofia yake akaishika kifuani, bado hajageuka. Usiku alimwambia mkewe kwamba amehuzunika. Émerence alimwamini, na kumwamini hakukumsaidia kitu. Bomu halikuanguka Angola, halikuanguka Kamina, halikuanguka popote, na bado lilikuwa limeshamtoa mama yake nyumbani.

Zoezi lililofuata walishuka kama tangazo lilivyotaka. Isaïe alishuka bila kukohoa, akaketi kwa raha kwenye benchi, miguu ameitanua, Albertine kando yake, Émerence mwishoni na mtoto mchanga kifuani. Luteni Mukendi alipita na taa, akawahesabu kwa kidole, akawasifu mbele ya kambi nzima kwa kuwa familia iliyopangika.

Émerence alingoja apite.

"Sogea," alimwambia mumewe. "Unakalia pa mama."

Isaïe alimtazama, akatazama benchi, akamvuta Albertine karibu na kusogea. Kati yao na Émerence pakabaki nafasi ya mtu mmoja, na mpaka king'ora kilipolia mara ya pili kutangaza mwisho wa zoezi, hakuna aliyeketi pale.